Jiwe la Kilo Ishirini

Walikuja kumchukua Hamid siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa amechutama kwenye uwanja wake wa vyuma vikuukuu, karibu na msikiti mjini Bungoma, akitenganisha shaba na alumini. Walikuwa wanne, wawili wana sare na wawili hawana. Mkubwa wao, mpelelezi aitwaye Mukhisa, alisalimia vizuri, akavuta mkebe wa rangi uliokuwa mtupu na kuukalia bila kukaribishwa.

"Wewe ndiye Hamid wa skrapa?"

"Ndiyo mimi. Karibuni."

"Septemba ulinunua vitu Kitale. Kwa ile kampuni ya kukausha mahindi ilifungwa."

"Nilinunua. Kila Alhamisi mimi huwa Kitale. Yule mlinzi, Mzee Kizito, aliniuzia mabati, mota mbili zimeungua, na jiwe."

"Jiwe gani?"

"La kupimia."

Katika kazi ya vyuma, anayeuza haamini mizani ya anayenunua, na mara nyingi ana haki. Kwa hiyo Hamid alikuwa na desturi yake. Mtu akileta mzigo, kabla haujaning'inizwa, kwanza linaning'inizwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, na mwenye mzigo anasoma mwenyewe. Jiwe lake la zamani lilikuwa chuma cha gurudumu kilichoanza kumeguka kwa kutu. Lile la Kitale lilikuwa zuri zaidi, chuma kifupi kinene chenye ledi, ile metali nzito, ndani, chenye sikio la kushikia. Alipolipima kwenye depo ya mahindi, mizani ilisema ishirini kamili, akafurahi kama mtu aliyeokota pesa.

"Lilikuwa na alama?" Mukhisa aliuliza.

"Ya njano. Na mapanga matatu meusi. Nilidhani ni ya feni."

"Halafu?"

"Nikapaka rangi ya buluu, nikaandika ishirini, watu waone vizuri."

Mukhisa alimtazama mwenzake aliyekuwa akiandika. "Andika ameficha alama."

"Sijaficha, afande. Nimepaka."

"Andika ameficha. Sasa, mzee, hilo jiwe liko wapi?"

Hamid alitazama ndoano ya mizani. Ilikuwa tupu. Alikuwa na miaka sitini na moja, na wauza vyuma wa Bungoma walikuwa wakimletea vitu kutoka mbali kwa sababu ya ulimi wake kuwa mnyoofu.

"Limepotea," alisema.

Mkewe Nafisa alikuwa amesimama mlangoni na unga mikononi. Aliyasikia maneno hayo, akajua si kweli, akajua pia kwa nini mumewe ameyasema.

"Limepotea ama umeuzia watu wako?" Mukhisa aliinuka. "Unajua hiyo kitu ni ya nini? Hiyo ni kitu ya bomu. Mtu akiifunga na baruti, mji mzima unahama. Uliuzia nani? Somalia?"

"Mimi sina watu Somalia. Mimi nimezaliwa hapa, hospitali ya hapa."

Walimvua kofia wakaikagua ndani. Walipomvuta, ndara moja ilibaki kwenye matope. Askari kijana mwenye sare aliinama, akaifuta kwa kiganja chake na kumvisha mzee mguuni, haraka, kabla wenzake hawajageuka. Nafisa hakuwahi kujua jina la kijana yule. Alimwombea dua kila siku.

*

Kufikia adhuhuri mtaa ulikuwa umeshajua. Mkokoteni wa chupa na mabati uliokuwa unakuja kwa Hamid ulikata kona ukaenda kwa mwingine. Dada mmoja aliyekuwa akichota maji kwenye bomba la Nafisa miaka yote alisema leo hana haja. Wavulana wa steji ya matatu walipita wakicheka, mmoja akasema, "Kumbe buda ni wa mabomu, na vile anakuwanga mpole." Mwenzake akamwambia, "Si ndio huwa hao wapole, bana."

Phelista, muuza chai wa upande wa pili wa barabara, alivuka na birika lake, akaketi kwenye mkebe uleule aliokalia mpelelezi. Alimimina vikombe viwili.

"Kunywa, Mama Sharifo. Mimi nitakaa hapa mpaka jioni. Wacha wanione."

"Wateja wako je?"

"Wakitaka chai watavuka."

Wachache walivuka.

Nafisa alikunywa, lakini mawazo yake yalikuwa kijijini Ndalu. Jiwe lilikuwa huko, kwa Wilkista.

Wilkista Nekesa alikuwa mjane mkulima, Mkristo wa kanisa la Quaker, ambaye miaka mingi iliyopita alileta jembe bovu la ng'ombe kuuza kwa Hamid, akanyeshewa, akalala kwa Nafisa. Tangu siku hiyo hawakupoteana. Mwezi wa kumi, mahindi yalipokauka, Wilkista alikuja akiwa na hasira. Mlanguzi mmoja kutoka Kitale, Dancan, alikuwa akinunua mahindi ya akina mama wa Ndalu kwa mizani iliyolegezwa. Gunia la kilo tisini lilisoma themanini na mbili. Wakilalamika anawaambia wabebe warudi nayo nyumbani.

"Mama Sharifo, niazimeni ile jiwe yenu," Wilkista alisema. "Nikiitundika kwa mizani yake mbele ya watu, atasema nini?"

Hamid mwenyewe alilifunga jiwe ndani ya gunia na kumpakilia. "Ulirudishe kamili," alimtania. "Hilo ndilo jina langu."

"Kamili kabisa, Mzee. Mimi si mtu wa kurudisha kitu ya wenyewe nusu."

Na jiwe lilifanya kazi. Wiki mbili akina mama wa Ndalu walilizungusha kutoka boma hadi boma. Wilkista alipiga simu akicheka hadi akakohoa. Dancan alikuwa amelazimika kukaza mizani yake mbele ya soko zima.

Sasa Nafisa alikuwa akiwaza. Akisema, magari ya polisi yatashuka kwa mjane huyo kama yalivyoshuka kwake, nao wamvue kitambaa wamkague kichwani. Asiposema, Hamid atabaki ndani. Hamid alikuwa amekwisha kuchagua. Nafisa aliona vibaya kuchagua tofauti na yeye.

*

Jumatano alipeleka wali kituoni. Askari wa mezani alimwambia auonje kwanza mbele yake. Akauonja. Kisha askari akazamisha kalamu yake ndani ya wali, akakoroga huku na huku kutafuta sijui nini, akaifuta kwenye kifuniko. Hamid alipoletewa aliula akizunguka pale palipochimbwa, polepole. Nafisa alimwona kupitia dirisha la korido akageuza uso ili mumewe asijue kwamba ameonwa.

Alhamisi asubuhi Nafisa aliitwa kwenye chumba kidogo. Humo alikuwamo mwanamke mwembamba wa makamo aliyevaa viatu vya matope, na mezani mbele yake kulikuwa na kisanduku cha manjano chenye kioo. Jina lake lilikuwa Jerono. Alikuwa ametoka Nairobi, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mionzi, akapitia Kitale kwanza kumhoji Mzee Kizito. Alisimama Nafisa alipoingia. Katika siku tatu hizo hakuna aliyekuwa amesimama kwa ajili yake.

"Keti, mama. Nikueleze, halafu utaamua kama utanijibu."

Alieleza kwa maneno ya kawaida. Ndani ya lile jiwe kuna kipande kidogo cha chuma king'aacho, urefu wa kidole cha mwisho. Kiwandani kilikuwa kinapima mahindi yamefika wapi ndani ya tangi, kwa miali isiyoonekana. Ledi iliyokizunguka ndiyo inayozuia miali hiyo. Kampuni ilipofungwa ilitakiwa kukirudisha, haikurudisha, wala mlinzi hakuambiwa alikuwa akilinda nini.

"Watu wabaya wanavitafuta vitu kama hivyo," Jerono alisema. "Ndiyo sababu hawa wanamkaba mzee wako. Wanaogopa, na si uongo, ni kitu cha kuogopwa. Lakini mimi naogopa kingine zaidi. Naogopa mtu mwema amekifungua bila kujua."

"Kikifunguliwa kinafanya nini?"

"Kinachoma. Hakina moto, hakina harufu. Mtu anaanza kutapika, anafikiri ni malaria. Ngozi inakuwa nyekundu, anafikiri amelalia siafu. Akija hospitali amechelewa."

Nafisa alitazama kisanduku cha manjano. "Na kama hakijafunguliwa?"

"Basi hakuna aliyeumia, na mzee wako ana nafasi ya kurudi nyumbani. Nikikipata kizima, nitaandika kwamba kilikuwa kizima."

"Huyo aliye nacho. Watamfunga pingu?"

Jerono hakumpa ahadi, na Nafisa akamwamini kwa sababu hiyo. "Polisi watakuja, siwezi kuwazuia. Lakini nitatangulia mimi na wewe kwenye gari langu, wao wafuate nyuma. Mlango nitabisha mimi."

Nafisa alishika ukingo wa meza. "Liko Ndalu," alisema. "Kwa rafiki yangu. Amewasaidia watu nalo."

*

Kabla hawajafika kwa Wilkista, watu wa sokoni waliwaambia jiwe liko kwa Dancan. Walilikuta kwenye stoo ya Dancan, sokoni Ndalu, chini ya meza, rangi ya buluu bado inang'aa. Lilikuwa limekatwa kichwa kwa mashine ya kukatia vyuma. Jerono aliwazuia wote barabarani, akaingia peke yake na kisanduku chake cha kupimia miali, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa amebadilika uso.

"Ni tupu," alisema.

Mukhisa, aliyekuwa amefika na wenzake, aligeuka kumtazama Nafisa. "Mmeona? Wametoa, wameuza, wametuachia ganda."

Dancan aliletwa. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya mpira, na mwanzoni aliongea kwa fahari.

"Hawa wamama walikuwa wananiaibisha na hii kitu. Mimi nikasema, hii jiwe ni ya uongo, iko na tundu ndani. Ijumaa, siku ya soko, nikaita fundi, akaikata mbele ya watu wote. Si ilikuwa na tundu? Kakaanguka kachuma kamoja, nikawaambia, mnaona sasa vile mlikuwa mnanifanyia?"

"Kachuma kalienda wapi?" Jerono aliuliza.

"Nilikapiga teke."

"Halafu?"

"Si yule mama kiherehere alikaokota. Wilkista. Ati ni kitu ya wenyewe."

Mzee mmoja aliyekuwa akipanga magunia alisema bila kuinua kichwa, "Na ikiwa na tundu ama haina, ilikuwa kilo ishirini. Tuliipima posho mill, kwa wasaga unga, tukapima tena. Dancan hakutaka kusikia." Dancan aliivua kofia yake. Alikuwa ameanza kuona jinsi watu wa serikali walivyosimama mbali na mlango wa stoo yake.

Bomani kwa Wilkista walimkuta mkaza mwana wake, Emmy, akianika mahindi. Jerono alipitisha kisanduku sebuleni, jikoni, kitandani. Kilitoa mlio wa mara moja moja tu, kama saa iliyochoka.

"Hakipo hapa," alisema. "Emmy, mama yako yuko wapi?"

"Ameenda Bungoma. Ameondoka saa kumi na mbili na lori ya mahindi. Nilimkataza, hajakuwa mzima. Tangu Jumamosi anatapika. Na hapa kwa kiuno amechomeka, ngozi imetoka, hata hajui ni nini ilimchoma." Emmy alijishika upande wa kulia, chini ya mbavu. "Lakini jana jioni ndio tulisikia Mzee Hamid ameshikwa juu ya ile jiwe. Akasema lazima apeleke ile kachuma, wasije wakasema Mzee ameiuza."

"Aliiweka wapi?" Jerono aliuliza, ingawa sauti yake ilionyesha amekwisha kujua. "Siku hizi zote, alikuwa ameiweka wapi?"

"Kwa pindo ya leso. Alikuwa ameifunga hapa." Aligusa tena palepale. "Alisema akiiweka kwa nyumba watoto wataipoteza. Alikuwa analala nayo."

Nafisa alikaa chini juu ya mahindi yaliyoanikwa. Emmy alidhani amechoka, akakimbia kumletea maji.

*

Wilkista alikuwa amefika kituoni Bungoma kabla ya saa tatu. Alimwambia askari wa mezani kwamba ameleta kitu cha Hamid. Askari aliuliza ni chakula, akasema si chakula, akaambiwa basi asubiri mwenye kesi arudi. Akaenda akaketi peke yake kwenye benchi la mwisho uani, chini ya ukuta, kwa sababu alikuwa akitapika na hakutaka kuwachafulia watu. Kwa aibu hiyo aliwaokoa watu wengi, ingawa yeye hakujua. Alikaa hapo hadi karibu saa nane.

Jerono alikuwa amepiga simu njiani, uwanja wa kituo ukawa umeondolewa watu. Walipofika, askari walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara, na mwanamke mzee alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi, anashangaa wamekimbia nini. Kisanduku cha manjano kilianza kulia getini. Hatua chache mbele milio iliungana ikawa kelele moja ndefu.

"Mama Wilkista," Jerono aliita kutoka mbali. "Mimi naitwa Jerono. Usiogope. Hujafanya kosa lolote."

"Mzee Hamid yuko wapi? Nimeleta kitu yake. Iko kamili."

"Asante sana. Sasa fungua hiyo leso, iache hapo chini, halafu utembee uje kwangu."

Wilkista alishika fundo kiunoni, akatazama askari waliojipanga ng'ambo ya barabara, na Mukhisa, na wavulana wa steji waliokuwa wamepanda ukutani kuona gaidi. Chini ya leso alikuwa na shimizi tu, kwa maana nguo nyingine yoyote iligusa kidonda.

"Madam, siwezi kuvua mbele ya wanaume."

"Mama, tafadhali. Kila dakika inazidi kukuchoma."

"Siwezi."

Nafisa alianza kutembea kuelekea benchi. Jerono alimdaka mkono kwa nguvu. "Hapana. Ukifika pale utachomwa wewe pia."

Basi Nafisa alifungua leso yake mwenyewe, ile aliyojitanda juu ya dera, akaikunja ikawa mpira, akafunga ncha zake, akairusha kwa nguvu zake zote. Haikufika. Ilianguka hatua tano kutoka kwa benchi.

"Mama Khisa," alimwita Wilkista kwa jina la mwanawe, "hiyo ni yangu. Acha hiyo, ujifunge hiyo. Mimi nitawageuza hawa."

Akageuka akawakabili wanaume wa barabarani. Hakupiga kelele. Aliwaambia tu, "Geukeni, wanangu." Askari kijana aliyemvisha Hamid ndara ndiye aliyegeuka wa kwanza. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hata Mukhisa. Wavulana wakashuka ukutani.

Wilkista aliinuka akijishika ukuta. Alivua leso yenye fundo, akaikunja vizuri kama mtu akunjavyo nguo ya ibada, akaiweka juu ya benchi. Akatembea hatua tano akiwa na shimizi, akaokota leso ya Nafisa, akajifunga. Ilimchukua muda mrefu kwa sababu kila leso ilipogusa kidonda ilibidi aanze tena, na hakuna aliyeweza kumsaidia.

"Iko kwa pindo ya kulia," alimwambia Jerono alipomfikia. "Muihesabu. Iko kamili."

*

Hamid aliachiliwa baada ya siku nane, kwa masharti ya kuripoti kila Jumatatu. Mwenye kampuni ya Kitale alisemekana yuko ng'ambo. Mzee Kizito alibaki ndani mwezi mzima, mpaka barua ya Jerono ikasomwa mara ya pili. Fundi aliyelikata jiwe alipelekwa kupimwa vidole, Dancan naye, na yule dereva wa lori. Hakuna aliyeomba radhi. Mukhisa alimrudishia Hamid kofia yake ndani ya bahasha yenye namba.

Wilkista alipelekwa Nairobi. Nafisa aliruhusiwa kuongea naye kwa simu ya nesi mmoja mwenye huruma, kila Jumapili.

"Mzee ametoka?" Wilkista aliuliza mara ya kwanza.

"Ametoka. Yuko hapa, anakusalimu."

"Na jiwe?"

"Walichukua."

"Pole. Nilisema nitarudisha kamili."

"Ulirudisha, Mama Khisa. Wewe ndiye ulirudisha."

"Dancan sasa anapima na nini?"

Nafisa alitaka kumwambia kwamba kuna jiwe lingine. Halikuwapo. "Wanalitafuta lingine," alisema.

Jumapili ya tatu sauti yake ilikuwa imepungua. "Leso yako iko hapa. Nesi amenifulia. Nikitoka nitaileta."

"Kaa nayo. Ni yako."

"Ati yangu. Uliniazima, Mama Sharifo. Hukunipa."

Jumapili ya nne nesi alipokea mwenyewe.

Leso ilirudi Bungoma mwezi wa kwanza. Emmy ndiye aliyeileta, baada ya mazishi, ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa ameambiwa na Wilkista, mama mkwe wake, aifikishe mkononi, asiiache kwa jirani. Hamid alikuwa uwanjani akipima mabati ya mtu, na yule mtu alikuwa akinung'unika kwamba mizani hii haina jiwe, atajuaje. Hamid alimwongezea kilo moja akamwacha aende.

Nafisa aliikunjua leso juu ya magoti yake. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, kona zote nne. Aliipitisha kidole ukingoni, polepole, akaangalia kama ina doa au imechanika mahali.

"Iko kamili?" Emmy aliuliza. "Alisema nikuulize."

"Kamili," Nafisa alisema.